Paka Amepimwa Nyonga, Sisi Je?

*Ukumbi ulishalipiwa, kadi zilishachapishwa, kamati ilikuwa inakimbizana na michango. Kipimo kimoja tu ndicho kilichosahaulika. Aliyetukumbusha ni paka.*

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa mitindo naomba nikuulize swali. Wewe na mwenzako mmeshapima nini? Najua utanijibu haraka: VVU. Hongereni, hata sisi tulipima. Kundi la damu? Pengine. Sasa niambie, aina ya himoglobini je? Unajua yako? Unajua ya mwenzako?

Mimi sikuwa najua. Na sikuwa na kisingizio chochote, maana ugonjwa wenyewe nimelala nao chumba kimoja tangu utotoni.

Kaka yangu na mguu wake

Kwetu ni Mnyambe, wilaya ya Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde. Ni kwenye mikorosho na ubaridi wa mwezi wa sita unaokufanya ulale na khanga tatu. Enzi za utoto wetu maji yalikuwa shida kweli kweli. Unaamka gizani, unashuka bondeni na ndoo, unapanda nayo kichwani. Kwa mtoto mzima ile ni adha. Kwa kaka yangu ilikuwa hatari, ila hatukujua.

Kaka ananizidi miaka mitatu. Mama anasimulia kwamba kabla hajatimiza mwaka, vidole vya mikono na miguu vilimvimba kama vimepulizwa, akawa analia usiku kucha. Macho yalikuwa ya njano. Kila baridi ikizidi, au akishinda juani bila kunywa maji, mifupa inamuuma mpaka anauma shuka. Alichanjwa chale, akafukizwa majani, akafungwa hirizi. Majirani nao hawakukosa la kusema.

Baba alikuwa na jibu lake: "Kwenye ukoo wetu haya mambo hayapo." Na kwa kuwa sisi Wamakonde tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, lawama haikupata shida kujua pa kwenda. Ikaonekana mama ndiye mwenye damu mbaya. Kaka alipofika miaka sita, baba akala kona. Akaoa Masasi, akaanza maisha mapya.

Kaka alipimwa kwa mara ya kwanza akiwa darasa la nne. Jibu lilikuwa selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Jina la Kiswahili linajieleza lenyewe: seli nyekundu za damu, badala ya kuwa duara laini, zinajikunja kama mundu. Zinakuwa ngumu, zinakwama kwenye mishipa midogo na kuziba njia. Pale zilipoziba, damu haipiti, na maumivu yake si mchezo.

Alipofika miaka ishirini akaanza kuchechemea. Tulidhani ameteguka akicheza mpira. Akawa analalamika maumivu kwenye kinena, mara kwenye goti. Picha ya eksirei ikaonyesha nyonga ya kulia imeharibika. Daktari alitueleza hivi: juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya bakuli la nyonga. Kichwa hicho kinalishwa na mishipa michache, tena myembamba. Selimundu ikiiziba, mfupa unakufa taratibu, unabonyea, na ule mviringo unapotea. Ndipo mtu anaanza kutembea kama mzee.

Leo kaka ni fundi simu pale Newala mjini. Anatembea na fimbo. Nyonga ya bandia inawezekana, na operesheni hizo zinafanyika hapa hapa nchini, pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Yeye bado anadunduliza.

Sasa mtu aliyekulia kwenye nyumba hiyo, unadhani alipopata mchumba aliwaza kupima? Wala! Mimi nilikuwa mzima, sijawahi kulazwa, nimesoma, nafanya kazi benki. Nilijiona nimeruka kiunzi.

Bosi wa Mbezi Beach

Mchumba wangu nitamwita Mwalimu, maana ndiyo kazi yake. Kwao ni Geita, alipangiwa shule Newala. Alinivisha pete pale Shimo la Mungu, tumekaa ukingoni tunatazama bonde la Ruvuma na milima ya Msumbiji kule ng'ambo. Acha kabisa!

Mwezi mmoja kabla ya harusi tukaenda Dar kununua nguo, tukafikia kwa wifi yangu Mbezi Beach. Wifi ana paka wa Kizungu anayeitwa Bosi, wa aina ya Maine Coon. Asili yao ni Marekani na ni wakubwa ajabu. Huyu alikuwa na kilo saba na mkia kama ufagio. Wifi aliletewa zawadi na rafiki yake, na alishaanza kumtafutia jike ili auze watoto. Biashara nzuri, si utani.

Shida ni kwamba Bosi alikuwa haruki tena juu ya kochi. Anaweka miguu ya mbele, anafikiri, anaghairi. Akitembea, nyuma anayumba. Tukampeleka wote kwa daktari wa mifugo.

Akapigwa picha. Daktari akaturudia na swali: "Wazazi wake walipigwa picha za nyonga kabla ya kupandishwa?"

Wifi akashangaa. "Wazazi gani tena, dokta? Paka!"

Kumbe bwana, mambo yapo. Daktari alisema bakuli la nyonga la Bosi ni fupi, kichwa cha mfupa hakikai sawasawa, kinalegea na kusagika. Ni kasoro ya kurithi. Paka wa kawaida nao wanaweza kuipata, ila hawa wakubwa imewazidi. Na huwezi kuitambua kwa macho, kwa sababu paka ni hodari wa kuficha maumivu. Wawili wenye kasoro wanaweza kuonekana wazima kabisa, ukawapandisha, kilio kikawa kwa watoto.

Ndiyo maana wafugaji makini huko Marekani na Ulaya humpiga paka picha kwanza. Picha inasomwa na wataalamu, inapewa daraja na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Sweden uliohusu Maine Coon zaidi ya 5,000 waliopimwa kwa utaratibu huo. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na tatizo la nyonga. Lakini utafiti ulionyesha pia kwamba kuchagua wazazi wenye nyonga nzuri kunapunguza tatizo kwa watoto.

Bosi akapewa masharti: apunguze uzito, atumie dawa ya maumivu ya paka na si panadol (panadol inaua paka, tafadhali shika hilo), na asizalishwe. Wifi akanuna, biashara imekufa. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye kiti. Ile picha ukutani, ile nyonga iliyoharibika, nilishaiona. Na paka yule alikuwa akichechemea kama kaka.

"Unanilinganisha na paka?"

Usiku nikamwambia Mwalimu. Nilianza kwa kutania: "Paka wa dada yako kapimwa nyonga, sisi hata damu hatujapima vizuri."

Akacheka. "VVU si tulipima?"

"Nazungumzia selimundu. Unamjua kaka."

Kicheko kikakatika. "Sasa unanilinganisha na paka? Mbona kwetu hakuna mgonjwa?"

Jamani, ile sentensi! Ilikuwa ya baba, neno kwa neno, sauti tu ndiyo tofauti. Nikamjibu vibaya, naye akanijibu vibaya. Mwisho akauliza swali lililoninyamazisha: "Haya, tukipima tukakuta tatizo, utaniacha?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakuwa nalo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wapenzi wengi hawapimi. Sindano inaumiza dakika moja tu. Tunachokimbia ni mazungumzo yatakayofuata majibu.

Tulirudi Newala kwa basi moja, viti viwili, kimya. Wiki mbili tukawa tunasalimiana kwa meseji kama wafanyakazi wa ofisi tofauti.

Aliyekata mzizi wa fitina

Nilikwenda kibandani kwa kaka. Nilitaka ushauri, lakini nikaanza kusema nikasita. Unamwambiaje mtu usoni kwamba unaogopa kuzaa mtoto kama yeye? Nikawa nazunguka mbuyu.

Akaweka bisibisi chini. "Mdogo wangu, sema tu. Unaogopa upate mtoto kama mimi."

Machozi yakanitoka.

"Sikiliza," akasema. "Mimi si kosa. Napenda maisha yangu, nina kazi, nina marafiki. Nilichoumizwa nacho zaidi ni kwamba hakuna aliyejua. Miaka kumi nachanjwa chale, natumwa maji bondeni kwenye baridi, wakati nilitakiwa kunywa maji mengi, kulindwa na malaria na kupewa dawa. Nyonga hii labda ingekufa hata hivyo, labda isingekufa. Wewe pima, ili mtoto wako akija, awe mzima au mgonjwa, akute watu wanaojua."

Jioni ile nikampigia Mwalimu. Nilimsimulia yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kesho Jumamosi. Twende."

Majibu

Hapa naomba usome taratibu, maana mimi nilivurugwa. Mahali pa kwanza tulipopima, mhudumu alitazama karatasi yangu akasema, "Dada, una sikoseli." Nusura nizimie. Miaka ishirini na nane, mzima, leo niambiwe nina ugonjwa?

Kilichotokea ni hiki. Kipo kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kama damu ina seli zinazoweza kujikunja. Hakitofautishi mgonjwa na mbebaji. Ili ujue wewe ni nani hasa, unahitaji kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kama elektroforesi. Tukaenda hospitali kubwa zaidi, tukatoa damu upya, tukasubiri.

Majibu yanakuja kwa herufi mbili, moja umeipata kwa mama na nyingine kwa baba. AA ni mzima asiyebeba. AS ni mbebaji: kwa kawaida haumwi, lakini anaweza kumrithisha mtoto ile S. SS ni mgonjwa wa selimundu.

Mimi: AS. Sikushangaa sana, kwani mshauri alinieleza kwamba wazazi wote wawili wakiwa AS, kwa kila ndugu watatu wazima wa mgonjwa, wastani wa wawili ni wabebaji.

Mwalimu: AS.

Yule ambaye kwao "hakuna mgonjwa". Alitazama karatasi muda mrefu. Kanda ya Ziwa anakotoka ni moja ya sehemu zinazotajwa kuwa na wabebaji wengi nchini, na mbebaji anaweza kuzeeka bila kujua.

Kwa wawili wenye AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, mbili kati ya nne za kuwa AS, na moja ya kuwa AA. Sikia vizuri: kila mimba. Si kwamba ukizaa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Kura inapigwa upya kila mara. Angekuwa mmoja wetu AA, tusingeweza kupata mtoto wa SS kabisa.

Nilimuuliza mshauri kwa nini S hii imejaa kwetu. Jibu lake lilinifariji. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Afrika Mashariki yaliyoonyesha kwamba wenye AS wanapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Yaani S moja iliwaokoa mababu zetu, wakaishi, wakazaa. Zikikutana mbili ndipo balaa. Sasa damu mbaya iko wapi hapo?

Wala hatuko peke yetu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, na inakadiriwa kuwa ni watoto wapatao 11,000 au zaidi kila mwaka.

Tuliamua nini

Tuliahirisha harusi. Kamati ilitaka kutuua! Kutoka Desemba ikaenda Juni, na aliyesimama mbele ya wazee kutueleza ni mjomba, kama ilivyo desturi yetu. Alisema wazee wa zamani nao walichunguza ukoo kabla ya posa, waliuliza kifafa, waliuliza ukoma, ila hawakuwa na maabara. "Watoto hawa wamefanya kazi yetu," akasema. Hoja ikapita.

Miezi ile sita tulizungumza kuliko miaka miwili yote ya uchumba. Tulijua wapo wanaoachana wakipata majibu kama yetu, na siwahukumu. Wapo wanaoamua kulea mtoto wa kuasili. Mshauri hakutuamulia. Hapo ndipo mtu anapotofautiana na paka. Bosi alipigwa marufuku na hakuulizwa. Sisi tuliambiwa ukweli, tukaachiwa uamuzi.

Tulioana. Mtoto bado hatujapata. Tumekubaliana tukijaliwa, atapimwa mara tu akizaliwa. Akiwa SS, ataanza kliniki mapema: penisilini na chanjo za kumkinga na maambukizi, kinga ya malaria, na haidroksiyurea daktari atakapoona inafaa. Dawa hiyo hupunguza mashambulizi ya maumivu. Wataalamu tunao. Muhimbili wamekuwa na programu ya selimundu tangu 2004, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Si kwa kila mgonjwa, lakini mlango umefunguka. Tumekubaliana pia kwamba hatutazaa wengi.

Na kuna neno tumeapa halitatamkwa ndani ya nyumba yetu: "kwenye ukoo wetu hayapo."

Baada ya majibu nilikwenda Mnyambe kumwona mama. Nilimkuta anabangua korosho. Nikamchorea chini kwa kijiti: S ya mama, S ya baba. Nikamwambia, "Mama, kaka asingeumwa kwa S yako peke yako. Lazima baba naye alikuwa nayo."

Aliutazama ule mchoro, kimya. Nilidhani atalia, au atamlaani baba kwa miaka ile yote. Akaendelea kubangua. Baadaye ndipo akasema:

"Kumbe." Halafu: "Basi mpigie simu baba yako. Wale wadogo zako wa Masasi nao wakapime."

KABLA HUJACHAPISHA KADI

• Pimeni mapema, kabla ya posa ikiwezekana. Ukumbi ukishalipiwa, ujasiri unapungua.

• Ulizeni kipimo kinachotaja herufi zenu: AA, AS au SS. Jibu la "ipo" au "haipo" halitoshi.

• Pimeni wote wawili. "Kwetu hakuna mgonjwa" si kipimo.

• Kabla ya kwenda, jibizaneni lile swali gumu: tukikuta wote AS, tutafanya nini? Jibu linaweza kubadilika, lakini lisianzie kwenye korido ya hospitali.

• Ombeni kuonana na mshauri pamoja, si mmoja amsimulie mwenzake.

• Mnaoishi na selimundu: maumivu ya kinena, paja au goti yasiyoisha, au kuchechemea, msiyaite kuteguka. Muoneni daktari mapema, nyonga ipigwe picha.